Jina Lililoanikwa Juani

Mimi sina subira, nawaambia mapema. Watu wa Bokoli wananijua: Nekesa akikasirika, hata mbwa wanatafuta njia nyingine. Kwa hiyo mkinisikia napandisha sauti, msidhani nawagombeza ninyi. Namgombeza mzee wangu, yule pale ndani, amelala na redio kifuani na anajifanya hasikii.

Mwaka wa hamsini na nne, mzee huyo, Wabwile, alikuwa karani wa kawaida katika ofisi moja ya serikali kule Kitale. Mimi namwita Baba Wakhungu, kwa jina la kifungua mimba wetu. Mimi nilikuwa huku Bokoli na watoto watatu, shamba la mahindi na mama mkwe. Alikuwa akija kila Jumamosi kwa baiskeli, anaondoka Jumapili baada ya ibada. Miaka saba, bana! Mtoto wetu wa tatu alikuwa akimwona anashuka kwenye baiskeli anakimbia kuniambia, "Mama, mgeni amefika." Niliona uchungu mpaka nikacheka.

Halafu ikatokea kazi. Ofisini kwao kulikuwa na chumba chenye makufuli mawili, na ndani yake faili za siri. Karani wa chumba hicho alikuwa amestaafu, wakamtaka Wabwile. Na kazi hiyo ilikuwa na nyumba. Nyumba ya familia! Vyumba viwili, mabati juu, bomba la maji uani. Wabwile aliponieleza habari za bomba, niliziachia mboga moto mwingi zikaungua, na sikujali.

Lakini siku zile zilikuwa za hali ya hatari, na serikali ilikuwa inaogopa mpaka kivuli chake. Huku kwetu nako kulikuwa na dini moja ya kienyeji ambayo serikali ilikuwa imeipiga marufuku. Mtu wa kushika faili za siri lazima achambuliwe kama mchele: amelala wapi, amekunywa na nani, anadanganya au hadanganyi. Wakampa Wabwile fomu yenye maswali ishirini na mawili. Akaijaza, akairudisha, na Jumapili akanieleza tukiwa tunakula.

"Swali la tisa," akasema, "liliuliza kama nimewahi kutumia jina lingine. Nikaandika hapana."

Nikarudisha tonge sahanini. "Weee! Baba Wakhungu! Na lile la Bungoma je?"

"Nyamaza, mama atasikia."

"Asikie nini asichokijua?"

Jambo lenyewe ni hili. Mwaka wa thelathini na saba Wabwile alikuwa kijana wa miaka kumi na sita, anakata majani ya ng'ombe kwenye shamba la mzungu mmoja kule Endebess. Nyapara akampiga na mpini wa jembe kwa sababu ndama alitoka zizini. Wabwile akatoroka usiku uleule. Siku zile kumtoroka mwajiri kabla mkataba haujaisha ilikuwa ni jela, na kila mwanamume alivaa kipande shingoni, karatasi yenye jina lake na alama za vidole. Akakitupa kile kipande mtoni, akaja mpaka Bungoma, akaomba kazi kwenye kinu cha kusaga. Karani akamuuliza jina. Yeye kwa woga akataja la kwanza lililomjia mdomoni, jina la baba yake. Akaandikiwa kipande kipya kwa jina hilo, akafanya kazi miaka miwili. Alipoingia shule ya misheni ndipo akarudia jina lake. Basi, ni hayo tu. Hakuiba, hakuua.

"Sasa si ungeandika hivyo?" nikamwambia.

"Niandike kwamba nilitoroka na kudanganya, halafu niombe funguo za siri? Nekesa, tumia akili. Mtu wa serikali atakuja kukuuliza. Mwambie sijawahi kuwa na jina lingine. Unataka bomba au hutaki?"

Nililitaka bomba, Mungu ananiona. Nikanyamaza, na kwangu mimi kunyamaza ni ugonjwa.

Na msisahau, kulikuwa na Eliakim. Huyu walikuwa naye Endebess, alijua kila kitu. Tangu aliposikia Wabwile ametajwa kwa kazi kubwa, akaanza kutupenda. Kila siku ya soko anapita kwangu: "Shemeji, nimekuja kuwasalimu. Hivi Baba Wakhungu bado anakumbuka Endebess?" Anasema hivyo huku anaangalia kuku wangu. Nami nachinja. Kuku wanne walienda hivyo, mmoja akiwa na vifaranga. Mama mkwe akaniuliza, "Huyu Eriakimu anatudai nini?" Nikasema ni upendo wa Kikristo.

Alhamisi moja nikiwa nimeanika nafaka ya wimbi uani juu ya magunia, akaja mtu amevaa kaptura iliyonyooshwa na soksi mpaka magotini. Akajitambulisha: Inspekta Kimaiyo, kutoka Kitale. Alikuwa bado kijana, mpole, ana daftari. Mama mkwe akachungulia kutoka jikoni.

"Ni nani huyo?"

"Ni serikali, Mayi."

"Selikali ikalibishwe uji," akasema, akarudi ndani. Lakini mlango aliuacha wazi.

Nikamkalisha kwenye kigoda. Kabla ya yote nikamwambia, "Sisi ni wa kanisa la Marafiki. Hatuapi kwa Biblia. Neno ni neno tu." Akasema hana shida. Akaniuliza kama mume wangu anakunywa. Nikasema chai, na busaa siku za matanga kabla hajaokoka. Ananipiga? Nikamwambia ajaribu aone. Inspekta akatabasamu, akaandika. Nadhani aliandika sana, kwa sababu alikaa muda.

Halafu akasema, "Mama, mumeo amewahi kutumia jina lingine?"

Jamani. Nilikuwa na jibu tayari, nimelifanyia mazoezi kisimani. Hapana. Silabi tatu tu. Nikaliona bomba linatoa maji. Nikafungua mdomo, na kilichotoka ni hiki: "Ndiyo."

Sijui ni kwa nini. Labda ni kwa sababu nilikuwa nimetoka kumwambia neno ni neno. Nilijikasirikia vibaya sana, nikachukua fimbo nikafukuza kuku ambao hawakuwa wamekosa kitu.

Inspekta hakushtuka hata. "Nairobi wamenitumia karatasi," akasema. "Vidole vya mtu mmoja, majina mawili. Moja ni Wabwile. Nitajie la pili."

"Si unalo hapo kwenye karatasi?"

"Ninalo. Lakini sheria ya kazi yangu hairuhusu nilitaje. Lazima litoke kwako. Nikikutajia, nitakuwa nimekulisha maneno."

"Nami siwezi kulitaja."

"Hujui?"

"Najua sana."

"Basi taja."

"Siwezi!"

Mnaelewa taabu yangu? Jina lile lilikuwa la baba mkwe! Kwetu Bukusu, mkaza mwana halitaji jina la baba mkwe, awe hai awe amekufa. Ni kumvua nguo mzee mbele ya watu. Mpaka leo nawasimulia hapa na hamtalisikia kwangu. Mkilitaka muulizeni yule wa redio. Nikamweleza Inspekta, lakini yeye alikuwa mtu wa upande wa mlimani, si Mbukusu, tena hajaoa, akaniangalia kama ninayemchezea.

"Mama," akasema, na sasa upole ulianza kupungua, "nimezunguka wilaya mbili. Nimesikia watu wakisahau, nimesikia watu wakiugua ghafla. Hii ya kukatazwa na ndoa ni mpya."

"Na mimi nimesikia serikali ikijua kila kitu. Hii ya serikali kukatazwa kusema ni mpya pia!"

Basi tukakaa pale tunaangaliana, watu wawili wanaolijua neno moja, yeye amekatazwa na kazi, mimi nimekatazwa na ndoa. Uji ukapoa. Nikaona kabisa ataandika "mke anaficha," na hapo kwaheri Kitale.

Ndipo nikakumbuka kwamba nilifika darasa la tatu misheni. Nikapiga magoti kando ya gunia, nikasawazisha wimbi kwa kiganja, nikaandika kwa kidole, herufi kubwakubwa, saba. "Soma mwenyewe," nikamwambia, nikageuka nyuma.

Inspekta alikuwa anatafuta miwani yake. Alipoipata, jogoo alikuwa ameshafika. Kuku wa nyumba hii hawana heshima, walimrithi nani sijui. Alikuwa amekula herufi tatu za mwanzo na anaendelea. Inspekta akasoma kilichobaki kwa sauti, nami nikaziba masikio, maana nusu ya baba mkwe bado ni baba mkwe.

"Hili si jina," akasema.

"Si jogoo amekula mwanzo! Mfukuze, nitaandika tena!"

Hapo mama mkwe akatoka jikoni kama amechomwa. "Nekesa! Unamwandika mzee wangu kwenye chakula?"

"Sijamtaja, Mayi! Mkono una ulimi?"

Mama mkwe akasimama. Akafikiri. Akaangalia gunia, akaangalia kidole changu, akamwangalia jogoo. "Mkono hauna urimi," akakubali mwishowe. "Lakini jogoo huyo atachinjwa. Amemla mume wangu."

Inspekta Kimaiyo akaanza kucheka. Alicheka mpaka miwani ikaanguka kwenye wimbi. Nikaandika tena huku mama mkwe ameshika jogoo kwapani, Inspekta akasoma herufi zote saba kimyakimya, akalinganisha na karatasi yake, akatikisa kichwa kukubali. Nikamweleza yote: nyapara, mpini, kinu, woga.

"Ni nani mwingine anayejua?"

"Eliakim. Amekula kuku wangu wanne."

Akaacha kucheka. "Sasa sikiliza, mama. Serikali haina haja na kijana aliyetoroka mpini miaka kumi na saba iliyopita. Lakini siri hii ni kamba shingoni mwa mumeo, na Eliakim ameshika upande wa pili. Leo anaivuta apate kuku. Mumeo akishapata kazi ile, Eliakim ataivuta apate faili. Umeelewa?"

Nilielewa, na nikaona aibu, kwa sababu wale kuku niliwachinja mimi mwenyewe.

"Jumatatu saa tatu mlete ofisini Kitale. Nitampa lile swali la tisa upya, mara moja tu. Na usimwambie tulichozungumza. Huo ndio utaratibu."

Nikamwahidi. Kweli nilikusudia. Jumamosi Wabwile alipofika nilijikaza: nikampokea baiskeli, nikampa maji ya kunawa. Alipokuwa anafuta mikono akauliza, "Alikuja?" Nikamwambia yote, mpaka habari za jogoo.

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alikaa pale mlangoni, akasema polepole, "Nekesa, umenizika." Nikamwambia yeye ndiye aliyechimba. Akasema nisingekuwa na mdomo tungekuwa na nyumba. Nikamwambia mwanamume anayemtuma mkewe kudanganya hana haki ya kuchagua mdomo. Tulisema mengi, mengine siyarudii. Chakula kililala.

Jumapili tukaenda ibada, kila mtu na njia yake. Kwa Marafiki, mtu akiguswa anasimama kusema. Tulikaa kimya, na kumbe Eliakim naye alikuwa benchi la mbele, ametoka kunitabasamia. Nikaona Wabwile anasimama.

"Ndugu zangu," akasema, "mwaka wa thelathini na saba nilimtoroka mwajiri Endebess. Nikatumia jina la baba yangu. Juzi nimeulizwa na serikali, nikadanganya, nikataka mke wangu adanganye. Nimechoka nayo."

Mzee mmoja nyuma akasema, "Endebess tu? Mimi nilitoroka mashamba matatu!" Mwingine akasema yeye alitoroka na viatu vya nyapara. Jamani, kumbe nusu ya wanaume wa Bokoli walikuwa watoro! Nyumba ya ibada ilicheka mpaka wazee wa kanisa wakakata tamaa ya kutuliza watu. Nilipotazama benchi la mbele, Eliakim alikuwa ameshatoka. Siku ya soko iliyofuata hakuja kutusalimu.

Mchana huohuo tukaondoka kwenda Kitale, mimi nimekaa kwenye karia ya baiskeli. Bado tulikuwa tumenuniana. Penye kilima nilishuka, tukatembea yeye upande wake wa barabara na mimi wangu. Tukapita Kamukuywa. Tulipofika Kiminini akaniuliza kama nina kiu. Nikasema sina, na nilikuwa nayo.

Jumatatu saa tatu tukaketi mbele ya Inspekta. Alimsukumia Wabwile karatasi yenye swali moja. Wabwile akaandika ndiyo, akaandika jina, tena akalitaja kwa sauti, nami nikatazama dari. Akaeleza nyapara, kinu, ibada ya jana. Hakupamba. Moyo wangu ukaanza kupumua.

Inspekta akainua kichwa. "Mkeo alikuambia tulizungumza nini Alhamisi?"

Nikamkanyaga Wabwile mguu. Nilimkanyaga kweli! Neno moja tu, hapana, na mambo yangekwisha. Hakuna karatasi ya Nairobi ambayo ingeonyesha. Akanitazama, na uso wake ulikuwa wa mtu anayeomba msamaha.

"Ndiyo, afande. Aliniambia Jumamosi, kabla sijala."

Nikatamani nimle mbichi.

"Asingekuambia," Inspekta akaendelea taratibu, "leo ungeandika ndiyo?"

Hilo lilikuwa swali rahisi kuliko yote. Mtoto wa shule angejua la kujibu. Nje mtu alikuwa anapiga msasa, nikasikia kila mkwaruzo.

"Sijui," mume wangu akasema. "Ningependa kukuambia kwamba ningeandika. Lakini nyumba ile naitaka sana, afande. Watoto wangu hawanijui. Kweli sijui."

Nikalia. Mimi! Nekesa wa Bokoli, mbele ya askari. Sikulia kwa sababu ya bomba. Nililia kwa sababu alisema watoto hawamjui, na miaka saba nilidhani uchungu huo ni wangu peke yangu.

Inspekta akaweka kalamu chini. "Kwa kazi hii nimehoji watu kumi na mmoja," akasema. "Kumi walikuwa malaika. Hawajawahi kukosa, na wote wana uhakika na watakachofanya kesho. Wewe ndiye wa kwanza kuniambia hujui. Nitaandika kwamba unafaa." Kisha akanigeukia na kidole juu. "Lakini wewe, mama, ungeomba kazi hii, nisingekupa hata ufunguo wa choo."

Wabwile akacheka. Alithubutu kucheka! Nikamkanyaga mara ya pili.

Barua ilikuja baada ya wiki tatu, na mwezi wa nane tukahamia, mama mkwe akiwa juu ya magunia ya mahindi kwenye lori, anaamrisha dereva. Bomba lilikuwa linatoa maji asubuhi tu, lakini yalikuwa maji. Wabwile alikaa na faili zile miaka tisa. Na mimi, ninayejua nani Kitale nzima alimkopesha nani kibiriti, mpaka leo sijui hata mstari mmoja uliokuwa mle ndani. Nilimbembeleza, nikamnunia, nikampikia kuku. "Faili ya leo ilisema nini, Baba Wakhungu?" Anajibu, "Siwezi kukuambia." Hasemi ilikuwa tupu, hasemi amesahau. Siwezi kukuambia. Inaniuma mpaka kesho!

Lakini jioni moja mwaka ule wa kwanza, watoto wanacheza naye mlangoni, nilikuwa nimemkasirikia kwa jambo fulani, nikamuuliza kwa ukali, "Hivi wewe unanipenda kweli, au ulitaka tu mtu wa kukulimia Bokoli?" Akasema, "Nakupenda." Nikainuka nikaenda kupika. Neno ni neno; sikumuuliza mara ya pili.